Swali la Bibi na Utambi

Tulipokuwa tukifundisha sayansi huko Iramba, mkoani Singida, mtoto mmoja alituuliza: "Mwalimu, bibi hula mafuta ya alizeti kila siku, mbona homa haimwishi?" Tukajibu kwa haraka, "Ni uzee." Akanyamaza, lakini hakujifunza kitu.

Kesho yake tuliwasha utambi katika kisahani cha mafuta ya alizeti. Tukaeleza kuwa mitokondria zilizomo ndani ya seli huunguza mafuta ili kuupatia mwili nguvu. Uzeeni huchakaa, zikatoa nguvu haba na taka nyingi, mfano wa masizi; hapo seli nyeupe, walinzi wa mwili, hulegea.

Ndipo mtoto akasema, "Kumbe mzee akiumwa apelekwe zahanati mapema!"

Enyi walimu watarajiwa, msifunge swali la mtoto kwa neno moja.