Nathan Appleton na Majora ya Merikani

Utotoni kwetu merikani ilikuwa nguo ya kila shughuli: shuka, mifuko, hata sanda. Ilikotoka sikuuliza mpaka nilipofika Lowell, Massachusetts, nikaingia kiwanda cha zamani cha Boott, ambacho sasa ni makumbusho. Mitambo ya kufumia ilipowashwa sakafu ilitetemeka, nikawa simsikii aliyesimama ubavuni mwangu. Humo ndimo nilimoanza kumfuatilia Nathan Appleton, mfanyabiashara wa Boston aliyetia fedha katika mitambo hiyo.

Alizaliwa New Ipswich, New Hampshire, mwaka 1779. Chuo cha Dartmouth kilimkubali akiwa na miaka 15, akakiacha, akaenda Boston kufanya biashara na kaka yake Samuel. Mwaka 1813 Francis Cabot Lowell, aliyeitazama mitambo ya Waingereza na kurudi nayo kichwani, alimwomba dola 10,000. Appleton akatoa 5,000, za kujaribia tu. Mfanyabiashara hasa! Mtambo ulipokubali kule Waltham, yeye na Lowell walikaa wakiutazama wasishibe. Ameyaandika mwenyewe uzeeni. Ndipo ukajengwa mji wa Lowell, na mabinti wa mashambani wakaja kufuma kwa mshahara.

Bungeni hakupelekwa na kiu ya siasa. Mwaka 1830 Boston ilibishania ushuru wa bidhaa za nje, naye, akiutetea ushuru huo, akamshinda uchaguzini Henry Lee, mtetezi wa biashara huria. Alikaa Washington kuanzia 1831 hadi 1833, akarudi miezi michache tu mwaka 1842. Alikwenda kulinda vitambaa, yaani mali yake, na waliompa kura walilijua hilo vizuri.

Majora ya Massachusetts yalipakiwa Salem, yakashushwa Unguja, kisha yakapanda mabegani mwa wapagazi kwenda bara kununua pembe. Lakini pamba ya majora hayo ilivunwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Hapo ndipo heshima yangu kwa Appleton inapopungua: kuliko utumwa wenyewe, alihofia zaidi Muungano wa Marekani kuvunjika na soko kuharibika. Wapinzani wa utumwa ndani ya chama chake cha Whig waliwaita watu wa aina yake Whig wa Pamba.

Julai 10, 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeshaanza, binti yake Fanny, mke wa mshairi Longfellow, alifariki kwa majeraha ya moto. Baba akamfuata siku ya nne. Pamba ya kusini ikakatika, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi sokoni.