Kiraka cha Mninga

Nyumba ya wazazi wangu pale Inyonga imekuwa mkoani Tabora, ikawa Rukwa, na tangu 2012 iko Katavi, wala halijahamishwa tofali hata moja. Utoto wangu hauhitaji maneno mengi zaidi ya hayo: shule, mizinga ya nyuki, kisha ufundi. Sasa nimestaafu kazi ya kutengeneza bunduki zenye leseni. Mafundi tunazidi kupungua, na vijana wachache waliobaki wanajifunza kwa kutazama picha. Ndiyo maana naliandika jambo moja ambalo mimi na mwalimu wangu hatukupata kukubaliana hadi anatangulia mbele ya haki: bunduki ya jeshi iliyokatwa ikawa ya kuwindia, irudishwe ilivyokuwa, au anayetaka ya asili akanunue ya asili?

Tuelewane kwanza ni kitu gani kilikatwa. Ile 303 ya Waingereza, Lee-Enfield ya 1907, ilivikwa mbao kuanzia kwenye mwili wa chuma hadi karibu na mdomo wa mtutu, na mbele ikafungwa kwa chuma kizito cha kupachikia singe. Askari alihitaji mbao ile asiungue mikono mtutu ukipata moto. Mwindaji wa miombo anayepiga risasi mbili kwa siku nzima ya kutembea aliona ni mzigo tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili bunduki hizo ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na kampuni kama Parker-Hale ya Birmingham ikafanya biashara ya kuzipunguza mbao na kuziuza kama za kuwindia. Mafundi wa vijijini walifanya vivyo hivyo kwa msumeno na tupa. Hakuna aliyeona dhambi, maana zilikuwa tele. Anayewalaumu leo kwa sababu nzima zimeadimika anawahukumu kwa bei ya leo.

Mtutu wenyewe ukikatwa, mjadala umekwisha. Ulikuwa na urefu wa sentimita 64 hivi, na chuma hakiungwi kikarudi kuwa mtutu wa kuaminika. Hapo mwenye kutaka sura ya jeshi akanunue nyingine, na hii aiache ifanye kazi iliyokatiwa. Ubishi wetu ulikuwa juu ya zile zilizokatwa mbao tu, mtutu ukabaki mzima. Mwalimu alitaka mbao ya mbele itolewe yote, iwekwe nyingine iliyotoka kwenye bunduki ya jeshi ya umri uleule. Kwa macho, kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu, nakiri. Lakini mbao hiyo inatoka wapi? Viwanda vilishaacha kuitengeneza, kwa hiyo aghalabu inatoka kwenye bunduki nyingine iliyovunjwa. Ukiirudisha moja kwa njia hiyo umeila nyingine, halafu unajiita mhifadhi.

Kuna na la ufundi, ambalo vijana hulirukia. Nyuma kabisa, mbao ya mbele hukutana na mwili wa chuma kwenye mabega mawili madogo, na kishindo cha kila risasi hupokelewa hapo. Yakiacha upenyo hata wa unene wa karatasi, mbao hupasuka. Katikati kuna pete yenye parafujo na springi ya kuuvutia mtutu chini, na karibu na mdomo kuna kibonyezo chenye springi cha kuusukuma juu. Shabaha ya bunduki hii imo ndani ya mbao zaidi ya watu wanavyodhani. Nusu ya nyuma ya mbao hiyo, ambayo imekaa na chuma chake miaka sitini imeshazoeana nacho. Ukiitupa, unaanza upya kuchonga mabega, na wengi hawana subira hiyo. Mimi nashika njia ya kiraka: nusu ya nyuma ibaki, ya mbele iungwe mpya pale chini ya pete ya katikati. Nachagua mninga, kwa kuwa ukikaushwa vizuri hautanuki wala kusinyaa ovyo, na msitu wetu unao. Nauacha na wekundu wake, juu yake mafuta ya kitani yaliyochanganywa na nta, ambayo Inyonga hatujawahi kuikosa.

Ni wekundu huo tuliougombea. Mwalimu alisema kiraka, kama lazima kiwepo, kipakwe rangi kifanane na mbao ya Ulaya. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema bunduki ya asili haipo, kwa kuwa majeshi yenyewe yalichanganya vipuri siku zote. Historia ya huku kwetu inamuunga mkono. Mwaka 1914 kompani nyingi za askari wa Wajerumani zilikuwa bado na Mauser ya 1871 yenye baruti ya moshi. Tarehe 25 Novemba 1917 waliwapiga Wareno pale Ngomano wakajitwalia bunduki zao, na mwaka mmoja kamili baadaye kamanda wao von Lettow-Vorbeck alipokabidhi silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, bunduki 1,071 alizotoa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Basi bunduki ya asili ya askari wa Tabora ni ipi? Gobole letu nalo, lililofuliwa na mhunzi kwa bomba la maji, hubadilishwa kitako kila kikivunjika, na hakuna anayeuliza asili yake.

Hata hivyo hoja hiyo inamgeukia mwenyewe. Waingereza walipoifumua 303 na kuijenga upya karakanani, waligonga juu ya chuma alama ya kuonyesha imefanyiwa matengenezo makubwa, pamoja na mwaka. Jeshi lilichanganya vipuri, lakini lilisema. Isitoshe, kwenye bunduki ya 1907 namba iligongwa kwenye mwili, kwenye bolti, hata kwenye mbao. Anayepachika mbao ya bunduki nyingine analeta namba ya kigeni, kisha anashawishika kuisugua kwa msasa na kugonga inayolingana. Katika nchi ambayo leseni inafuata namba ya silaha, kijana, huo si ufundi, ni njia ya kwenda kituoni. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu wapo mafundi wa mjini waliotuita wavivu kwa kuacha viungo vyetu vionekane, na bado sijasikia wakieleza namba zao zilikotoka.

Wataniambia kiraka chekundu hushusha bei. Ni kweli, na mwenye kuinunua hulipa bei ya kitu alichokiona. Anayetaka kuuziwa bunduki nzima alipe ya bunduki nzima, ila kabla ya kutoa fedha aombe muuzaji, mwenye kibali chake, afungue pete ya katikati. Mstari wa kiungo ukiwepo utauona hapo, na rangi ikiwa imepakwa utaiona imeishia ukingoni mwa pete, kwa kuwa wapakaji hawapaki pasipoonekana.