Safu Isiyo na Bei

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukokotoa bei ya mahindi. Bei yenyewe ilipangwa na Serikali na kutangazwa na wakubwa, lakini kabla haijawafikia wakubwa ilipita mikononi mwa vijana wachache wa kitengo cha masoko cha Wizara ya Kilimo, tulichokiita MDB. Tulikaa Dar es Salaam kwenye joto, tukijumlisha mbegu, mbolea, dawa, magunia na siku za kazi. Nilikuwa nimetoka Kitivo cha Kilimo, Morogoro, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilikuja kuwa chuo kikuu kamili, SUA, mwaka 1984.

Bei ilikuwa moja nchi nzima. Gunia la Sumbawanga lililipwa sawa na la Morogoro, ingawa la Sumbawanga lilikuwa na safari ya siku kadhaa mbele yake, na tofauti ya nauli ilibebwa na NMC, shirika la umma lililonunua na kusaga nafaka. Wakulima wa kwetu Mbeya waliielewa bei hiyo haraka kuliko sisi tulioikokotoa: Serikali ilikuwa inawalipia barabara. Reli ya TAZARA ilikuwa imefunguliwa mwaka 1976, mbolea ya ruzuku ikashuka kwa mabehewa, mbegu chotara zikaenea, na haukupita muda mrefu mikoa minne ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikaanza kuitwa ghala la taifa.

Taifa lilihitaji ghala. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulikuwa umetulisha unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na wengi wa rika langu hadi leo wakiona ugali wa njano wanasogeza sahani. Hata siasa yenyewe ilikuwa imehamia shambani. Azimio la Siasa ni Kilimo lilitolewa Iringa mwaka 1972, miezi michache baada ya Krismasi ile ya 1971 ambayo Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa Ismani katika mzozo na mkulima wa mahindi. Kwa hiyo tulipokuwa tukibishana ofisini kuhusu senti kumi kwa kilo, tulijua kwamba senti hizo si za karatasini tu.

Katika majedwali yetu kulikuwa na safu ya nguvu kazi. Siku za kibarua tulizipa bei, maana kibarua hulipwa, na ukitaka kujua anacholipwa unamwuliza. Siku za familia ziliandikwa idadi tu, kisha kistari. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo wenzetu walivyofundishwa kote duniani: ambaye hana pengine pa kuiuza siku yake, siku yake haina gharama. Mimi nilikulia Rungwe. Mama yangu alianza siku kwenye migomba, akaenda kwa ng'ombe, akaingia kwenye maharage, akarudi na kuni, na fedha za kahawa zilipotoka kwenye ushirika zilihesabiwa na baba. Nilikitazama kistari kile kila msimu wa bei. Niliwahi kumwuliza bosi wangu, mzee mwungwana aliyenifundisha mengi, kwa nini tusiweke hata nusu ya ujira wa kibarua. Akacheka bila ubaya. "Binti, ukiweka hiyo, hakuna zao hata moja nchi hii litakalokuwa na faida." Alikuwa sahihi kabisa, na ndicho kilichonisumbua.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe Iringa, wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, huku Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ikiwa ndiyo bongo zake. Iringa ya wakati ule ilibeba pia Njombe, Makete na Ludewa, ambazo tangu 2012 ni za Mkoa wa Njombe. Walianza na vijiji 168. Walitaka mtu wa upande wa chakula katika kaya, nikaazimwa kutoka wizarani. Wenzangu walinipa pole. Kutoka kwenye bei za taifa kwenda kupima watoto! Kwa mchumi wa wakati ule ilikuwa kama kushushwa cheo.

Siku ya afya ya kijiji ilikuja kila baada ya miezi mitatu. Mizani ilitundikwa kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, mtoto akavalishwa suruali ya kitambaa yenye kamba, akaning'inia akilia, na mhudumu wa afya wa kijiji akasoma uzito kwa sauti. Kadi ilikuwa na rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Mambo hayo yalikuwapo kliniki nyingi. Kigeni kilikuwa kilichofuata, kwamba hesabu hazikupelekwa kwanza wilayani zikazikwe kwenye faili. Zilisomwa palepale, mbele ya kamati ya kijiji na yeyote aliyetaka kusikiliza, na kijiji kikaulizwa: hawa walio kwenye nyekundu, kwa nini?

Mkutano mmoja wa Mufindi siusahau. Baada ya "kamwene" na maulizo ya hali, mwenyekiti alijibu kwa kifupi: njaa. Mzee mmoja akasimama akasema nyumba ya mtoto wa kwanza kwenye orodha anaijua, ina kihenge kimejaa hadi juu. Watu wakacheka. Bibi wa mtoto hakucheka. Alisema mkwewe anatoka alfajiri kwenda kwenye palizi, akitoka huko anapitia kwenye vinyungu bondeni kumwagilia, anarudi jua likizama. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba. Anakunywa uji asubuhi, anakula ugali usiku. "Katikati," akasema, "anakula nini, na nani ampe?"

Hapo kwa mara ya kwanza nilisikia safu yangu ikisomwa hadharani. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mwepesi wa mahindi matupu hulijaza bila kumlisha, hivyo anahitaji kulishwa mara nne au tano kwa siku, na kila mara inahitaji moto, maji, na mtu mzima mwenye subira. Mahindi yapo. Mtu mzima mwenye subira yuko kwenye palizi, akizalisha mahindi ambayo mimi nilikuwa nimeyapigia bei na kusema siku yake haikugharimu kitu.

Kimea kilisaidia. Watafiti wa taasisi walionyesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa, ukitiwa kwenye uji mzito, unaulegeza hadi mtoto aweze kuunywa, na hivyo kwa kikombe kilekile anapata chakula kingi zaidi. Wanawake wa Iringa hawakuhitaji semina kuhusu kuotesha nafaka. Waliopika komoni walikuwa na ujuzi huo kutoka kwa mama zao. Lakini kimea nacho kinataka muda wa kuloweka, kuotesha, kukausha na kusaga. Kilichoshika zaidi, kwa ushuhuda wangu, ni pale vijiji vilipoanzisha vituo vya kulelea watoto, akina mama wachache wakabaki na watoto wa wengine na kuwapikia uji, kijiji kikichanga unga. Vingine vilikufa baada ya msimu mmoja. Vingine viliendelea miaka.

Kufikia 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vile vya mwanzo walikuwa wameshuka kutoka takribani asilimia 56 hadi 38, na walio kwenye hali mbaya zaidi kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya 2. Dunia ikaanza kuja Iringa kwa Land Rover. Fikra zilizokomaa pale, kupitia watu kama Urban Jonsson wa UNICEF na wenzake Watanzania, Olivia Yambi akiwamo, zilichorwa kwenye mchoro wa visanduku: mtoto hudhoofika kwa chakula kidogo na maradhi, nyuma ya hayo kuna chakula cha kaya, huduma za afya na mazingira, na matunzo ya mama na mtoto, na nyuma kabisa kuna nani anamiliki nini. Mwaka 1990 UNICEF iliufanya mchoro huo msingi wa mkakati wake wa dunia nzima. Kisanduku cha matunzo ndicho nilichokipenda. Bibi wa Mufindi yumo mle.

Miaka ya Roma nitaipitia haraka, maana mikutano mingi hufanana. Nilifanya kazi katika shirika moja la kimataifa, nikaishi mjini humo muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikajifunza kunywa kahawa nimesimama. Mkutano wa kimataifa wa lishe wa Desemba 1992 na ule wa wakuu wa nchi kuhusu chakula wa Novemba 1996 ilinikuta huko, na katika ule wa pili dunia iliahidi kupunguza kwa nusu idadi ya wenye njaa ifikapo 2015. Ugomvi wangu na wachumi wenzangu ulikuwa uleule. Njia iliyotawala ya kuhesabu njaa ilikuwa mizania ya chakula: uzalishaji, jumlisha uagizaji, toa mauzo ya nje na upotevu, gawa kwa watu. Amartya Sen alikuwa ameonyesha tangu 1981 kwamba watu hufa njaa chakula kikiwa sokoni. Mimi nilitaka kuongeza kwamba mtoto hudumaa chakula kikiwa ndani ya nyumba. Kwa mizania ile Iringa ilikuwa imeshiba siku zote. Kwenye warsha moja kijana mtaalamu alinichorea vile visanduku ubaoni, polepole, akinieleza kila kimoja kwa uangalifu kana kwamba ninaviona kwa mara ya kwanza. Nilimwacha amalize. Alichora vizuri.

Niliporudi nyumbani bei moja ya nchi ilishakufa. Mageuzi yaliyoanza mwaka 1986 yaliondoa ukiritimba wa NMC, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ikaondolewa hatua kwa hatua. Mkulima wa Rukwa aliyezoea kulipiwa barabara akajikuta anailipia mwenyewe. Wafanyabiashara waliingia vijijini na lumbesa: gunia la viazi lililoshonewa kilemba juu, uzito ukaongezeka na bei ikabaki ya gunia. Ruzuku ikarudi kwa vocha msimu wa 2008/09. Na kila chakula kilipoadimika mijini, mpaka ulifungwa. Malori ya mahindi yalipanga foleni mpakani Tunduma wakati wa marufuku ya kuuza nje ya mwaka 2011 kama yalivyokuwa yamepanga kabla. Niliandika na kusema popote nilipopewa nafasi kwamba marufuku hiyo ni kodi anayotozwa mkulima wa Mbozi ili ugali wa Dar es Salaam uwe nafuu. Sijabadili mawazo.

Kuna jambo moja lililokwenda vizuri, nalo ni chumvi. Mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kutoka kwenye udongo wa milima yetu, na nilipokuwa mtoto rovu lilikuwa sehemu ya shingo za watu, hatukuliita ugonjwa. Tangu katikati ya miaka ya 1980 zilikuja dozi za mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyatia kwenye chumvi. Leo ni nadra kumwona kijana wa Rungwe au Makete mwenye rovu. Hakuna mama aliyeongezewa kazi. Alinunua chumvi, akaitia kwenye mboga kama siku zote.

Udumavu haukutii hivyo. Kitaifa umeshuka, kutoka asilimia 42 mwaka 2010 hadi 30 mwaka 2022. Lakini katika utafiti wa 2022 Iringa ilikuwa na takribani asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, ikiongoza nchi nzima, na Njombe na Rukwa zikifuata, kila moja ikiwa na karibu nusu ya watoto wake. Magazeti huandika habari hii kwa mshangao: ghala la taifa, watoto wafupi. Miaka ya 1980 tulipima uzito kwa umri. Urefu haukuwa kwenye kadi, na mtoto anaweza kutoka kwenye nyekundu akaingia kwenye kijani akiwa bado mfupi kuliko alivyopaswa. Fedha za wafadhili zilipokwisha mizani ilibaki, lakini ule mkutano wa baada ya mizani ulichakaa. Na kazi za wanawake zimeongezeka: chai ya Mufindi inachumwa, maparachichi ya Njombe yanapaliliwa, mbao zinabebwa. Ukimwi ulichukua wazazi wengi wa mikoa hii na kuwaachia mabibi malezi. Wasichana wetu nao wamejaa Dar es Salaam wakilea watoto wa watu. Mwulize dada wa kazi anatoka wapi, utasikia Iringa kabla hujamaliza swali.

Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mtu akiuliza zinatosha nini, mimi humwambia zinatosha kujua nani anatimiza na nani hatimizi.

Hivi karibuni halmashauri moja ya huku kwetu iliniita kuishauri jinsi ya kutumia fedha hizo. Rasimu yao ilikuwa na semina, posho, mafuta ya gari na vipeperushi. Nikapendekeza tuchague vitongoji kumi na tulipe walezi wawili kila kimoja, kuanzia Desemba hadi Machi, palizi inapokaza, wakae na watoto na kuwapikia uji mara tatu. Mweka hazina akauliza hilo litaingia kasma ya afya, elimu ya awali au maendeleo ya jamii. Ofisa elimu akasema si lake. Mganga mkuu akasema uji si dawa. Mwenyekiti akaahirisha hadi kikao cha robo inayofuata, lakini maofisa lishe wawili walibaki nami kupiga hesabu. Unga, sukari na maharage havikututisha. Kuni ndizo zilizotukwamisha: kwa bei ya mzigo sokoni zilizidi unga. Mmoja akasema kuni tusizihesabu, akina mama watakuja nazo. Nikamwomba azirudishe kwenye jedwali, na tukaanza kuulizia bei ya majiko ya pumba.