Tulimshangilia Mapema

Leo naanza na toba.

Dada mmoja wa kanisa letu hapa Meru, aliyeniruhusu niandike haya, aliwekewa mkanda tumboni apunguze uzito. Ni pete ya silikoni inayobana sehemu ya juu ya tumbo ili ushibe upesi. Marekani iliuidhinisha mwaka 2001. Leo madaktari wengi wameuacha. Alipopungua, nilimsimamisha madhabahuni ashuhudie. Tulipiga vigelegele.

Kisha nyama na chapati zikaanza kukwama. Akawa anatapika. Soda na uji wa sukari vilipita bila shida, na uzito ukaanza kurudi. Mkanda ulikuwa umeteleza. Akapasuliwa tena, ukatolewa. Kilo zote zikarudi. Yeye akaacha kuja kanisani.

Nilimfuata kwao Embu. Akaniuliza, "Pastor, nitasimama vipi mbele ya watu walionisikia nikishuhudia?" Sikuwa na jibu. Aibu ile niliipanda mimi.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Ukifikiria upasuaji, muulize daktari: mambo yakiharibika, nani atanitunza, na kwa pesa ngapi? Huko si kukosa imani. Nawe ukimwona dada yetu Jumapili, usimpime kwa macho. Msogezee kiti.

Baba, tusamehe tuliposhangilia mwili tukasahau mtu. Amina.