Mama Aliponiuliza Kuhusu Dawa

Mdogo wangu alipoanguka na bodaboda, ubongo wake ulivimba. Daktari alitueleza kwamba fuvu ni mfupa usiotanuka. Ubongo ukivimba ndani yake hubanwa, na damu hupita kwa shida. Wakainua kichwa cha kitanda na kumtundikia dripu ya manitoli, inayovuta maji kutoka kwenye ubongo.

Usiku ule, kwenye benchi la hospitali, nilisoma kwenye simu habari za histamini, kemikali ambayo mwili huitoa unapoumia. Hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu, maji yakavuja. Simetidini, dawa ya vidonda vya tumbo iliyotokana na kazi ya James Black, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1988, huzuia vipokezi vya histamini viitwavyo H2. Katika majaribio ya wanyama, dawa za aina hiyo ziliwahi kupunguza uvimbe wa ubongo.

Moyo ulinidunda. Mama akaniuliza, “Frateri, umeona dawa?”

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini Aristotle anatufundisha kutofautisha kinachowezekana na kilichopo: mbegu bado si mti. Kilichosaidia mnyama maabara bado si tiba ya mgonjwa wodini.

“Bado, mama. Aliyopewa ndiyo iliyopo. Tusali.”

Akatoa rozari.

Siku ya nne mdogo wangu alifumbua macho. Hata asingefumbua, jibu langu lingebaki lile lile. Matumaini ya Mkristo hayahitaji kusaidiwa na uongo.