Coco na Majina ya Mabibi Zetu

Safari hii sitaandika habari za viza wala ada. Nataka tuongee kuhusu katuni iliyotugombanisha hosteli.

Katuni yenyewe ni Coco ya Pixar, ya mwaka 2017. Mtoto Miguel, mwenye miaka 12, anajikuta kwenye nchi ya wafu siku ile watu wa Mexico wanapowakumbuka marehemu wao. Mifupa mitupu inaongea, inaimba, inavaa kofia. Tuliiangalia watu saba kwenye kompyuta moja, na ilipoisha maneno yakaanza. Dada mmoja wa Mombasa akasema huo ni ushirikina, hawezi kumwonyesha mwanawe mifupa inayopiga gitaa. Jamaa wa Bukoba akasema eti ni mambo ya kitoto. Mchina tunayesoma naye darasa moja, mwenyeji wa hapahapa, yeye alikuwa analia tu.

Wahakiki nao? Karibu wote waliisifu, na Machi 2018 ikapata Oscar ya filamu bora ya katuni. Ajabu zaidi ni hapa Uchina. Kanuni za filamu zinakataza kueneza ushirikina, na Ghostbusters ya 2016 haikuonyeshwa kabisa kwenye sinema za huku. Coco ikapita. Ilianza kuonyeshwa tarehe 24 Novemba 2017, ikakusanya zaidi ya yuani bilioni 1. Si mchezo!

Sababu yake utaiona Guangzhou mwanzoni mwa Aprili, sikukuu ya Qingming. Familia hubeba nguruwe wa kuchoma, matunda na ubani, hupanda kilimani kufagia makaburi, huchoma pesa za karatasi, kisha hula pamoja. Mwenzetu yule hakuwa analilia watu wa Mexico. Alikuwa amemkumbuka babu yake.

Na sisi je? Ndani ya Coco, marehemu hufa mara ya pili akisahauliwa na mtu wa mwisho aliyemkumbuka. Jambo hili kwetu si geni. Mkenya John Mbiti aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba marehemu bado yumo katika "sasa" maadamu yupo aliyemjua na anayemtaja kwa jina. Wakiisha hao, anazama katika "zamani".

Ndiyo maana sikubaliani na jamaa wa Bukoba. Bibi yangu alizikwa Muheza mimi nikiwa huku. Nauli haikupatikana, mazishi nikayaona kwenye simu, picha inakatika-katika. Baada ya filamu nilimpigia mama usiku uleule kumwuliza jina la mama yake bibi. Akaniambia anayelijua amebaki babu mdogo peke yake, na babu mdogo siku hizi hasikii vizuri.

Dada yangu wa Mombasa simbishii, imani yake naiheshimu. Lakini hata kwenye hitima za kwetu pwani marehemu hutajwa jina, akaombewa.

Basi jamani, wikiendi hii kabla hujashuka Xiaobei kutafuta unga wa ugali, piga simu nyumbani. Uliza majina, andika kwenye daftari. Mimi upande wa mama nimefikisha matano. Upande wa baba nasubiri shangazi arudi kutoka shamba.