Zama za Kompaila Mbili

Zama nilizoanza kuandika programu, karne iliyopita ikielekea ukingoni, kompyuta ilikuwa na kompaila moja, nayo ikiitwa gcc pasi na nambari. Aliyeliandika jina hilo alijua ni ipi itakayomwitikia, wala haikumpitikia mtu kuuliza ni ya toleo gani.

Mwaka 2000 Red Hat walitoa toleo la 7 la mfumo wao wa Linux pamoja na kompaila waliyoiita 2.96, ilhali waundaji wa GCC wenyewe hawakupata kutoa toleo la nambari hiyo. Na kwa kuwa haikuaminiwa kukijenga kiini cha mfumo, ilitiwa kandoni mwake kompaila ya kale zaidi, kgcc, iwe na wadhifa huo peke yake. Ndipo nilipoziona kwa mara ya kwanza kompaila mbili zikikaa katika diski moja.

Kuzikalisha pamoja, kwa hakika, si kazi ngumu. Kila moja hupewa saraka yake, mathalani /opt/gcc-3.2, kisha saraka uitakayo ukaitanguliza katika PATH, maana mfumo huifuata orodha hiyo tangu mwanzo na kuichukua kompaila ya kwanza inayoonekana. Taabu imo katika maktaba. Matoleo ya 3.0 na 3.2, ya mwaka 2001 na 2002, yaligeuza mapatano ya C++ juu ya namna majina na vitu vinavyopangwa, hata vipande vya kompaila ya zamani na vya mpya vikakataa katakata kuungana. Tangu 2004 maktaba yenyewe imebaki na jina moja, libstdc++.so.6, huku yaliyomo yakizidi kila toleo. Basi programu iliyojengwa kwa kompaila mpya, ikiendeshwa juu ya maktaba ya zamani, hulikuta jina ililolizoea, ikaikosa dhati yake. Wengi hujitibu kwa LD_LIBRARY_PATH, orodha ya saraka za kutafutia maktaba, dawa imponyayo mmoja ikamdhuru jirani. Mimi nilihiari rpath, iandikayo mahali pa maktaba ndani ya programu yenyewe.

Baadaye Debian walizoesha watu majina yenye nambari, gcc-4.9 na gcc-5, na kompaila nyingine, Clang, ikaja, ambayo katika Linux aghalabu huazima maktaba ya GCC iliyo mpya kuliko zote diskini. Vijana wa leo, tangu Docker ya 2013, huifungia kila kazi kompaila yake katika kontena, na siwalaumu. Ila wakiitoa programu humo na kuipeleka kwenye mashine kongwe ya mteja, huambiwa kwamba GLIBCXX fulani, alama ya toleo la libstdc++, haikupatikana, nao hunijia kuniuliza ni kitu gani hicho.